Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Bwana wa mradi alipotamka neno "maji" mbele ya akina mama wa soko la maziwa la Garissa, nilikuwa nimesimama nyuma ya mama yangu, mikono yangu bado ina vumbi la chaki. Nilikuwa mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari ya wasichana pale mjini, na nikimaliza vipindi vya asubuhi nilipita sokoni kumsalimia mama kabla ya kwenda nyumbani kula. Nilimwona akinyoosha mgongo. Kwa muuza maziwa, kuambiwa umetia maji ni sawa na kuitwa mwizi, tena mwizi wa chakula cha watoto.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Hooyo, kama sisi Wasomali tunavyomwita mama, alikuwa mjane, na maziwa ya ngamia ndiyo yaliyonisomesha. Kaka yake, abti wangu, alichunga ngamia upande wa barabara ya Wajir, na kila siku alipakia mtungi wa plastiki kwenye pikapu ya maziwa. Mtungi wetu ulifungwa kitambaa chekundu kwenye kishikio ili usichanganywe na ya wengine. Ukifika sokoni, hooyo alifungua kifuniko, akanusa moshi wa kuni zilizofukizia chombo, akaonja, kisha akachovya kijiti cha kiberiti ndani ya maziwa na kukiwasha. Kikiwaka, maziwa ni mazima. Kikigoma, kuna mtu ametia maji njiani. Ndivyo walivyopima wote, na siku ile kijiti cha hooyo kiliwaka mbele ya kila mtu.

Bwana wa mradi alikuwa mtu wa bara, mpole, mwenye kofia pana na shati lililolowa jasho. Alikuwa amekuja na wazo ambalo hata mimi nililipenda. Msimu wa mvua maziwa huwa mengi hadi yanamwagwa, kwa sababu joto la Garissa halimsubiri mteja. Akasema yakigandishwa kuwa jibini yatakaa muda mrefu na kusafirishwa hadi Nairobi. Alileta kopo la unga wa kugandishia, unaotoka kwenye tumbo la ndama anayenyonya. Hapo akina mama wakamkatiza.

"Hiyo ndama, nani alichinja?" mwenyekiti wao alimuuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Sijui, mama. Unatoka kiwandani."

"Hujui? Basi leo tunabima tu. Kukula, tutangoja sheikh."

Basi wakapima. Kila mama alimimina maziwa yake kwenye bakuli, mabakuli yakapangwa juu ya meza ndefu chini ya kibanda, na bwana wa mradi akaongeza bakuli moja la maziwa ya ng'ombe wa kule mashambani kando ya mto. Akatia unga katika kila moja, akakoroga, tukangoja. Ya ng'ombe yaliganda hadi ungeweza kuyakata kwa kisu. Ya ngamia yakabaki yakichezacheza bakulini kama yalivyomiminwa. Bakuli moja tu la ngamia lilikuwa limeshika kidogo, laini kama uji uliopoa, nalo lilikuwa la jirani wa hooyo pale sokoni, mama niliyemwita eeddo, yaani shangazi, kwa heshima ya umri tu.

"Huyu ndiye ameleta maziwa safi," bwana wa mradi akasema, na eeddo akainamisha macho chini.

Kisha akatoa kipimo cha kioo kinachoelea, kile kinachozama zaidi maziwa yakiwa mepesi. Katika bakuli la hooyo kilizama kuliko kote. Ndipo akalitamka lile neno.

"Wewe bwana," hooyo akamwambia, "hii maziwa hakuna maji. Kiberiti imewaka. Macho yako si iliona?"

"Kiberiti si kipimo, mama."

Hasira zangu ziko karibu, sifichi. Nilitaka kuipindua ile meza pamoja na kopo lake. Lakini mwalimu akipiga kelele sokoni, kesho wanafunzi wote wanajua, kwa hiyo nikauma meno nikanyamaza.

Mwenyekiti alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuita ngamia kutoka mbali. Aliona mradi unaponyoka na jina la soko zima linachafuka. Akaamua kwamba Ijumaa baada ya swala kila mmoja aje nyumbani kwake aape. Atakayeapa amesafika. Asiyeapa, ubaya utakuwa wake.

Siku hiyo niliandamana na hooyo. Msahafu ulikuwa umewekwa juu ya kitambaa cheupe kilichofuliwa. Eeddo aliombwa atangulie kwa kuwa maziwa yake ndiyo yaliyosifiwa. Aliweka mkono, akasema haraka, "Wallahi, maziwa yangu hayana maji," akarudi kukaa. Wengine wakafuata mmoja mmoja. Ilipofika zamu ya hooyo, alisimama lakini mkono wake ukabaki ndani ya shela yake.

Walizungumza Kisomali, nami nayaandika hapa kama nilivyoyasikia.

"Nitaapa kwamba mikono yangu haikutia maji," alisema.

"Hatukuulizi mikono," mwenyekiti akamjibu. "Sema kama wenzako. Maziwa yangu hayana maji."

"Sikuyakamua mimi. Sikuwa kwenye pikapu. Mungu akiniuliza nilijuaje, nimjibu nini?"

"Yamekuja kwa jina lako."

"Yamekuja kwa jina langu, lakini macho yangu hayakuwepo."

Kukawa na minong'ono. Mama mmoja akamwambia kwa upole, kama dada kwa dada, "Abaayo, ni maneno manne tu." Hooyo akatikisa kichwa. Mwenyekiti akatoa uamuzi kwa sauti ya kuchoka kwamba mpaka aape, au ukweli ujulikane kwa njia nyingine, mtungi wa kitambaa chekundu hautafunguliwa sokoni.

Siku zilizofuata maziwa ya abti yalikuja kama kawaida, kwa sababu huko machungani hakuna simu, na hooyo hakutaka dereva ampelekee habari hiyo. Hooyo aliyagawa kwa majirani, na yaliyobaki yakachacha ndani ya nyumba hadi harufu ikaingia kwenye daftari za wanafunzi nilizokuwa nasahihisha. Wateja wake wa miaka mingi wakahamia kwa wengine. Watoto waliokuwa wakija na vikombe vyao mlangoni wakaacha kuja. Hooyo hakulia. Alikuwa akiosha vyombo visivyo na kazi, akivifukiza, akivipanga, kesho anaviosha tena.

Nami nikamlipukia. "Apa tu, hooyo! Wote wameapa, wewe una nini?"

Hooyo akaweka chombo chini. "Wewe mwalimu, mtoto akikuandikia jibu ambalo hakulitafuta, unampa alama?"

"Hii si hesabu ya darasani."

"Ndiyo maana inaniogopesha zaidi," akasema, akaendelea kuosha.

Ilitokea kwamba juma hilo nilikuwa nafundisha vimeng'enya. Niliwaeleza wasichana kwamba kimeng'enya ni protini, na protini ni uzi mrefu wa vipande vidogo vilivyoungwa kimoja kwa kimoja. Uzi huo haukai umenyooka. Hujikunja na kujifunga mpaka unapata umbo lake, na katika umbo hilo kunabaki kijishimo ambamo kitu kimoja tu huingia sawasawa. Kikiingia hukatwa au huungwa, kisha kimeng'enya kinatoka kizima kutafuta kingine. Niliwakumbusha yai linavyobadilika likichemshwa, nikawaambia joto likizidi ule uzi hufumuka, kijishimo kinapotea, na hata ukipoza namna gani kimeng'enya hakirudi kazini. Nikageuka ubaoni kuchora kufuli na ufunguo, mchoro ambao kila mwalimu anauchora bila kufikiri.

Nilipokuwa nachora meno ya ufunguo mkono wangu ukasimama. Kimeng'enya cha tumbo la ndama kina kazi moja. Maziwa yamejaa tembe ndogo za protini, na juu ya kila tembe kuna protini nyingine iliyosimama kama nywele, inayozizuia zisishikane. Kimeng'enya hukata zile nywele mahali pake maalumu, tembe zikashikana, maziwa yakaganda. Lakini ndama yule alikuwa wa ng'ombe. Ufunguo wake ulichongwa kwa maziwa ya mama yake. Ikiwa ile protini ya ngamia imekunjwa kwa namna nyingine, au pale pa kukata hapafanani na pa ng'ombe, unga utazunguka bakulini mchana kutwa na usipate pa kushika.

Niliwaacha wasichana wakinakili mchoro, nikatoka nje kupumua.

Msinifikirie kwamba nilikuwa nimepata jibu. Vitabu vyote vya shule vilizungumzia ng'ombe, na hakuna hata mstari mmoja juu ya ngamia. Unga ulikuwa hai, hilo nilikuwa na hakika nalo, kwa sababu uligandisha ya ng'ombe siku ileile na joto lilelile. Kuhusu kile kipimo kinachoelea, nilijua ngamia aliyekaa na kiu siku nyingi hutoa maziwa mepesi, na mvua kule kwa abti zilikuwa zimechelewa. Lakini dhana ya pili ilikuwa na nguvu ileile kama ya kwanza. Huenda abti, au dereva, au yeyote njiani alikuwa ametia maji kweli. Kama ningepima maziwa ya ngamia yaliyokamuliwa mbele ya macho yetu, nayo yakaganda, basi mimi mwenyewe ndiye ningekuwa nimemtangaza mjomba wangu kuwa mdanganyifu na kumzika hooyo akiwa hai. Nililala vibaya kwa sababu hiyo. Naogopa hata leo ninapokumbuka jinsi nilivyokaribia kuacha.

Nilimfuata bwana wa mradi nikamweleza. Alinisikiliza akiwa amevua kofia. Akanipa kijiko cha unga kwenye karatasi iliyokunjwa na kusema, "Mwalimu, ukinionyesha nimekosea, nitasema mbele yao." Kwa neno hilo nilimsamehe nusu.

Masharti niliyoyaweka mbele ya mwenyekiti yalikuwa rahisi. Ngamia awe wa ukoo wake yeye, si wetu, akamuliwe mbele ya akina mama wote, na bakuli lisiguswe na mtu wa nyumba yetu. Mwenyekiti alikubali haraka, nadhani kwa sababu naye hakuwa akilala vizuri. Binamu yake alikuwa na ngamia nje kidogo ya mji, kupita vichaka vya mathenge.

Tulikwenda asubuhi, tumejaa pikapu nzima. Hooyo alikaa pembeni. Nilimnong'oneza, "Una wasiwasi?"

"Kama yana maji, nataka kujua," akasema. Mimi sikuwa na ujasiri huo.

Binamu wa mwenyekiti alimwachia ndama anyonye kwanza mpaka maziwa yashuke, akamsukuma, kisha akasimama kwa mguu mmoja, bakuli limekaa juu ya paja la mguu mwingine, akakamua kwa mikono miwili. Macho yetu yote yalikuwa kwenye bakuli lile. Povu lilipanda hadi ukingoni. Mwenyekiti akalipokea yeye mwenyewe na kulibeba hadi kwenye kivuli cha kibanda cha mikeka, kwa maana nilikuwa nimewaonya kwamba jua likiyapata, unga unaweza kufa na jaribio likawa bure.

Bwana wa mradi alikuwa na chupa ya maziwa ya ng'ombe yaliyokamuliwa asubuhi ileile, akayapasha kidogo yawe vuguvugu kama ya ngamia. Akaweka bakuli la ngamia, na bakuli la ng'ombe. Halafu, bila mimi kumwomba, akachanganya bakuli la tatu, nusu ngamia na nusu ng'ombe. Alisema anataka kuona kama maziwa ya ngamia yana kitu kinachouzuia unga. Akatia kiasi kilekile katika kila moja.

Tukangoja. Nilijaribu kuwaeleza akina mama habari ya kufuli na ufunguo. Mama mmoja akacheka akasema, "Kwa hiyo ngamia amefunga sanduku lake kwa kufuli la kwao?" Nikasema labda. Eeddo hakucheka. Alikuwa amekaa nyuma ya wote, anavuta nyuzi za ukingo wa shela.

Ya ng'ombe yalianza kushika. Bwana wa mradi akainamisha bakuli, hayakusogea. Akaliendea bakuli la ngamia, akachovya kijiko juu, akakiinua. Kilichokuja na kijiko kilikuwa kimesimama, cheupe, kizito. Nilimwona abti akilini mwangu na mtungi mkononi, nikafumba macho.

"Ni povu," sauti ya hooyo ikasema karibu yangu. "Mwambie apulize."

Akapuliza. Povu likaenda pembeni, na chini yake maziwa yakatiririka kutoka kwenye kijiko kama yalivyotoka kwa ngamia. Aliinamisha bakuli, yakakimbilia ukingoni. Tukangoja tena hadi kivuli cha kibanda kikahama na tukalazimika kusogeza meza, na bado yalikuwa majimaji. Maziwa ambayo mwenyekiti mwenyewe ameyabeba, ya ngamia wa ukoo wake, yalikataa kuganda.

Akina mama wakapiga vigelegele. Mwenyekiti alimshika hooyo mabega. Bwana wa mradi akavua kofia na kusema mbele ya wote, "Mimi ndiye nilikosea. Unga huu si wa maziwa yenu." Nilitaka kulia na nilitaka kumkumbatia kila mtu, hata yule ndama.

Ndipo mwenyekiti akaliona bakuli la tatu. Lilikuwa limeshika, lakini si kiasi cha kukatwa kwa kisu. Lilikuwa laini kama uji uliopoa. Akalitikisa taratibu. Akalitikisa tena. Vigelegele vikafa kimoja kimoja, na mmoja baada ya mwingine akina mama wakageuka kumtazama eeddo.

Mimi nilielewa palepale. Ngamia wake walikufa kwenye ukame wa miaka iliyopita, na alikuwa akinunua maziwa kwa watu ili auze. Ya ng'ombe yalikuwa rahisi, kule mashambani kando ya mto. Maziwa pekee yaliyosifiwa kuwa safi ndiyo pekee yaliyochanganywa, na kwa ajili yake mama yangu alikuwa amefungiwa soko. Damu ilinipanda kichwani. Nilifungua mdomo, na hooyo akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Ulisema nini juu ya Msahafu?" mwenyekiti alimuuliza eeddo.

"Nilisema hayana maji," eeddo akajibu kwa sauti ndogo. Na kweli, hayakuwa na maji.

Mwenyekiti akamgeukia hooyo. "Wewe ndiye uliyedhulumiwa. Sema neno lako, nasi tutalifuata."

Nilimwomba Mungu hooyo aseme ninalotaka mimi. Hooyo aliachia mkono wangu, akajifunga shela vizuri.

"Mlitaka niape juu ya kitu nisichokiona, nikakataa," alisema. "Huyu pia sikumwona akichanganya. Turudini mjini, jua limekuwa kali."

Akapanda pikapu. Mmoja mmoja wakamfuata, na eeddo akawa wa mwisho kupanda.

Kesho yake mtungi wa kitambaa chekundu ulifunguliwa sokoni, na vikombe vya watoto vikarudi mlangoni. Eeddo alikuwa amekaa mahali pake palepale, kando ya hooyo. Mimi nilimkasirikia mama yangu kwa siku kadhaa. Niliona amemsamehe mtu ambaye hakuomba hata msamaha. Bwana wa mradi aliondoka na kopo lake, akaahidi kuuliza kama kuna anayejua tumbo la ndama wa ngamia.

Lakini kwenye mkoba wangu, ndani ya ile karatasi, kulikuwa na mabaki ya unga. Mchana mmoja nilimpita hooyo sokoni nikanunua kikombe cha maziwa kwa eeddo. Alinipimia bila kuinua macho. Nikayabeba nyumbani, nikayapasha hadi vuguvugu, nikatia unga, nikakaa mbele ya kikombe kama askari anayelinda mfungwa.

Hooyo alirudi akanikuta. Aliona karatasi, akaona kikombe, akajua. Nilidhani atanigombeza. Akavua viatu, akakaa kwenye mkeka upande wa pili, tukangoja wawili. Alipoona nimeanza kusinzia ndipo akauliza.

"Yameganda?"

Niliinamisha kikombe. Maziwa yakakimbia mpaka ukingoni, mepesi, hayana hata punje iliyoshikana.

"Hayajaganda," nikasema. "Ni ya ngamia matupu."

Hooyo akachukua kikombe, akatoka nje, akayamwaga mchangani. Unga ule ulikuwa wa ndama ambaye hakuna aliyejua nani alimchinja.

"Kesho kanunue mengine kwake," akasema akikisuuza kikombe. "Hayo tutayanywa."